Padi ya pili haikuwa na kazi: kisa cha gemu ya rali huko Kaptembwo

Kibanda chenyewe, cha kuchezea gemu kwa malipo, kiko Kaptembwo, Nakuru, kuta za mabati, kati ya kinyozi na mama wa chapati. Ndani kuna televisheni nne, mashine za PlayStation aina ya PS4 tatu, na tangu Machi 2025 PS5 moja iliyonunuliwa kwa bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa. Mwenye kibanda ni rafiki yangu, na jioni mimi ndiye humshikia daftari la hesabu, kwa hiyo msomaji asinichukulie kama mtazamaji wa mbali. Tatizo nililiona kwenye daftari kabla yeye hajaliona kwenye benchi.

PS5 ile ilinunuliwa kwa ajili ya gemu moja tu: EA Sports WRC, gemu rasmi ya mashindano ya dunia ya rali, iliyotengenezwa na Codemasters wa Uingereza na kutoka Novemba 2023. Gemu za mpira alikuwa nazo tayari kwenye PS4. Hii ya rali haikutolewa kwa PS4 kabisa. Ukiitaka, unanunua kwanza mashine mpya, ndipo uanze kuulizia bei ya diski.

Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Kwa mtu wa Nakuru, Safari Rally si habari ya kusoma gazetini. Naivasha, timu zinakopiga kambi, ni kaunti hii hii. Steji za Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior ziko upande wetu wa Gilgil, na wikendi ya mashindano utaona vijana wamefungasha mahema na sufuria kama wanahama. Baada ya 2002 mashindano haya yalitolewa kwenye kalenda ya dunia, yakarudi 2021, na sasa kuna kizazi kizima mtaani kinachojua jina la dereva Ogier kuliko la diwani wake. Mwaka 2025 Safari ilipangwa Machi 20 hadi 23. Mwenye kibanda akawaza: wengi hawana nauli ya kwenda Elmenteita, au bosi hatawapa ruhusa. Hao watakuja kuendesha hapa kwangu.

Na kweli Kenya imo ndani ya gemu. Si jina tu, ni steji kadhaa, nyingine zikibeba majina ya hapa hapa: Soysambu, Malewa, Mbaruk. Tuna mteja anayetoka Mbaruk. Alipoliona jina la kwao kwenye skrini alimpigia mamake simu. (Nawaomba radhi wasomaji wa Nakuru kwa neno lenyewe. Najua kwetu steji ni mahali unapopandia matatu. Katika makala haya ni kipande cha barabara kinachofungwa ili magari yapite moja moja yakipimwa kwa saa.)

Diski aliinunua katika duka moja mjini. Aliuliza swali ambalo mwenye kibanda chochote lazima aulize: hii inachezwa na wangapi?

"Mpaka thelathini na wawili, mkubwa," muuzaji akamjibu.

Jibu hilo halikuwa uongo. Gemu hiyo inaruhusu wachezaji 32 kushindana mtandaoni, hata kama mmoja yuko kwenye PS5 na mwingine kwenye kompyuta. Ila rafiki yangu hakuwa anauliza habari za mtandao. Alikuwa anauliza habari za benchi. Kwa lugha ya biashara yake, "wachezaji" ni watu wawili waliokaa bega kwa bega, kila mmoja na padi yake ya kubonyezea mkononi, wanasukumana na kutukanana kwa upendo.

Usiku wa kwanza walikaa vijana wawili, marafiki, kila mmoja amelipa. Gemu ikafunguka, picha nzuri ajabu, vumbi unaweza kulipangusa kwa kidole. Wa kwanza akachagua Subaru Impreza. Wa pili akabonyeza padi yake. Kimya. Akabonyeza tena.

"Buda, padi ya pili haishiki."

Mwenye kibanda akaichukua, akaichomoa waya, akaichaji kidogo, akaiunganisha upya. Taa ikawaka. Akaijaribu kwenye gemu ya mpira, ikafanya kazi bila taabu. Akairudisha kwenye rali. Kimya. Walihangaika kwenye menyu karibu nusu saa, wakifungua kila mlango, mpaka mama wa chapati akaja kuuliza kama kuna mtu amepigwa na stima. Nilipofika nikatafuta kwenye simu. Gemu haina uwezo wa kugawa skrini ili wawili waendeshe pamoja. Padi ya pili haikuwa mbovu. Haikuwa na kazi.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba jambo hilo ni dogo, kwamba siku hizi kila mtu anacheza mtandaoni. Hao hawajawahi kushika daftari la kibanda. Wacha nionyeshe.

Mechi moja ya mpira kwenye PS5 ni kama dakika kumi, na kila mchezaji analipa shilingi 30. Mechi sita kwa saa, watu wawili kwa mechi, ni shilingi 360. Rali ya mtu mmoja kwa kipimo hicho hicho cha dakika kumi ni shilingi 180. Nusu. Stima ni ile ile, kodi ni ile ile, mkopo wa mashine unadai vile vile. Na hapo umechukulia kwamba kila baada ya dakika kumi kuna mtu mwingine tayari. Gemu ya wawili haihitaji foleni. Marafiki wawili wanajiburudisha wenyewe, aliyefungwa anataka kulipiza sasa hivi, saa inakwisha bila mtu yeyote kuangalia mlango. Gemu ya mmoja inaishi kwa foleni, na foleni ikikatika, skrini inabaki ikionyesha tangazo lake yenyewe.

Kucheza mtandaoni? Kwenye PS5 unahitaji kwanza kulipia PlayStation Plus, kisha uwe na intaneti isiyokatika. Kibanda kinatumia bando la simu. Hata kabla ya kuwaza wachezaji wa Ufini, masasisho peke yake yalikuwa yamemeza bando la wiki nzima, na yalishuka usiku kucha, mwenye kibanda amelala humo humo juu ya benchi akilinda mashine.

Sasa, ili nisimwonee mtu, lazima niseme kwamba kukosekana kwa skrini ya wawili kuna utetezi. Rali si mbio za kukimbizana. Kwenye Safari yenyewe magari hayaanzi pamoja. Kila gari linaachiliwa kwa nafasi yake, anayeshindana naye ni saa. Tena kugawa skrini maana yake mashine ichore barabara mara mbili kwa wakati mmoja, miti mara mbili, vumbi mara mbili. Nayaelewa hayo. Lakini Codemasters hao hao, enzi za Colin McRae Rally kwenye PlayStation ya kwanza, waliweza kuwakalisha watu wawili mbele ya televisheni moja. Na Colin McRae, kwa asiyejua, ndiye aliyeshinda Safari ya 2002, ile ya mwisho kabla ya kimya cha miaka kumi na tisa. Kampuni iliyojengewa jina na mtu aliyeshinda kwetu ndiyo inayokuja kwetu na padi moja. Hilo liliniuma zaidi kuliko inavyostahili, nakiri.

Ni utetezi huo wa saa uliompa mwenye kibanda wazo. Akapachika ubao mweusi ukutani, akachora mistari kwa chaki: jina, gari, muda. Steji moja fupi ya Kenya kwa siku, kuiendesha mara moja ni shilingi 50, na mwenye muda bora kufikia saa tatu usiku anakula chapati mbili na maharagwe kwa mama wa jirani. Kwa kuwa steji fupi inaisha kwa dakika saba au nane pamoja na kubadilishana viti, foleni ikiwepo unapata watu wanane kwa saa. Shilingi 400. Ikaishinda mechi ya mpira.

Wiki ya Safari kibanda kilijaa mpaka nje. Jumamosi ya Machi 22 watu walikuwa wanatazama rali ya kweli kwenye simu na ya uongo kwenye televisheni, wakichanganya matokeo.

Yupo mwendesha boda mmoja anayeegesha hapo nje, mtu wa makamo, anayeijua Elmenteita kwa sababu hubeba wateja mpaka kwenye malango ya kule. Alilipa, akakaa, akaambiwa avute pumzi. Navigeta wa ndani ya gemu, yule msaidizi anayemsomea dereva barabara iliyo mbele, anasoma noti kwa Kiingereza, haraka kama kondakta wa gari la Eldoret: kona gani, upande gani, nambari ngapi. Nambari zenyewe ni moja hadi sita. Mwendesha boda akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili angefikiri, kwamba sita ni kona mbaya kuliko moja. Kila aliposikia sita akakanyaga breki mpaka gari likasimama kama linashusha abiria. Kisha navigeta akatamka moja. Akaachilia mafuta yote, gari likaacha barabara, likapita juu ya kichaka, likalala kwa paa.

Kicheko kilifika kwa kinyozi. Mwendesha boda hakucheka. Aliuliza, "Kwani moja ni mbaya?" Nikamweleza: moja ndiyo kona kali, sita karibu ni barabara iliyonyooka. Akatikisa kichwa, akatoa hamsini nyingine. Mara ya tatu alimaliza steji nzima, na kufikia saa tatu jina lake lilikuwa la pili kwenye ubao.

Navigeta hana Kiswahili. Katika malalamiko yote niliyosoma ya mashabiki wa gemu hii duniani, sikuona hata mmoja aliyelitaja hilo, na simlaumu yeyote. Wao walikuwa na orodha yao.

Orodha hiyo ni ndefu, na hapa ndipo kisa cha kibanda kinapounganika na kisa kikubwa. Gemu ilipotoka Novemba 2023, wenye kompyuta walikuta picha inakwama-kwama katikati ya kona, jambo ambalo kwenye rali ni sawa na kupepesa macho ukiwa ukingoni mwa bonde. Rali ya Ulaya ya Kati, iliyofanyika Oktoba 2023, haikuwemo siku ya kwanza, ikaongezwa Desemba. Miwani ya VR, ile inayokufanya ujione uko ndani ya gari, ambayo gemu ya rali iliyotangulia ya Codemasters, DiRT Rally 2.0, ilikuwa nayo, ilikosekana mpaka 2024, na ilipokuja ilikuja kama jaribio. Mwaka huo huo ukaongezwa mfumo wa kuzuia wadanganyifu, na waliokuwa wakicheza kwenye kompyuta za Linux, mfumo tofauti na Windows, wakajikuta wamefungiwa nje ya gemu waliyoilipia. Msimu wa 2024, pamoja na rali za Poland na Latvia, uliuzwa kama nyongeza ya kulipia, tena Oktoba, wakati msimu wenyewe ulikuwa unaelekea ukingoni.

Ni rahisi kusema watengenezaji walikuwa wavivu. Mimi nilisema hivyo, kwa sauti, ndani ya kibanda. Nilipofuatilia nikaona si uvivu. Codemasters walikuwa na injini yao ya miaka mingi, Ego. Sisemi injini ya gari. Nasema ule msingi wa programu unaochora barabara na kuamua tairi inashika vipi. Ego haikuweza kubeba steji ndefu walizotaka, zile za zaidi ya kilomita 30, zinazolingana na za rali ya kweli. Wakahamia Unreal, injini ya kampuni nyingine, wakabeba elimu yao ya jinsi gari linavyojiendesha na kuipandikiza kwenye udongo mpya. Ndiyo sababu ukishika usukani unahisi gari lina uzito, na ndiyo sababu pia picha inagugumia: msingi ule unapakia dunia kipande kwa kipande huku wewe unakimbia. Walichagua urefu wa barabara na hisia ya gari. Kwa shabiki halisi wa rali, na mimi najihesabu humo, ulikuwa uchaguzi sahihi. Soysambu yao ukiiendesha usiku mikono inatoka jasho.

Lakini uchaguzi huo ulifanywa ndani ya saa inayokimbia. Leseni ya WRC, yaani ruhusa ya kutengeneza gemu rasmi ya mashindano hayo ya dunia, ilitangazwa 2020 kuwa ya miaka mitano, 2023 hadi 2027. Katikati, Februari 2021, EA, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, wakainunua Codemasters kwa takriban dola bilioni 1.2. Mwenye leseni ya miaka mitano lazima atoe kitu mwaka wa kwanza, kiive kisiive. Ndipo linapozaliwa lile neno ambalo kila mnunuzi wa gemu analijua: itaongezwa baadaye.

Mwenye kibanda alilishika neno hilo kama ahadi ya mkwe. Ubao wa chaki ulikuwa wa muda tu, akaniambia. Wataongeza skrini ya wawili, si wameongeza VR? Wataleta magari ya 2025. Vijana walikuwa wameshaanza kuuliza. Kwenye Safari ya 2025, aliyoshinda Elfyn Evans na Toyota, magari hayakuwa tena na ile mota ya umeme ya kusaidia injini, ilhali ndani ya gemu bado ipo. Kijana wa miaka kumi na minne alilikamata hilo siku ya kwanza, akasema gemu imepitwa na wakati, na hakuna aliyeweza kumbishia.

Wiki tano na ushei baada ya Safari, mwishoni mwa Aprili, Codemasters wakatangaza kwamba nyongeza iitwayo Hard Chargers ndiyo ya mwisho, na kwamba wanasimamisha utengenezaji wa gemu za rali kwa sasa. Wakati huo huo EA ilikuwa inapunguza mamia ya wafanyakazi. Miaka miwili kabla ya leseni ile ya miaka mitano kufika mwisho wake, hakuna msimu wa 2025, hakuna rali mpya za Paragwai na Saudia, hakuna kitakachoongezwa.

Mtaani habari ilifika imepinda: "Ile gemu imefungwa." Haikufungwa. Diski inacheza kama ilivyocheza jana. Kilichofungwa ni kesho yake. Lakini jaribu kumweleza hilo kijana mwenye shilingi 50 ya kuchagua wapi aitumie. Foleni ilikuwa imeshapungua tangu wiki ya kwanza ya Aprili, homa ya Safari ikipoa kama inavyopoa kila mwaka, na tangazo likamalizia kilichobaki. Mei daftari langu linaonyesha siku tatu mfululizo ambazo rali haikuingiza hata senti.

Mwenye kibanda alikasirika na watu wote kwa zamu. Muuzaji kwanza, kisha Codemasters, kisha mimi kwa kutomzuia. Kwa maoni yangu muuzaji ana dhambi ndogo. Alijibu swali aliloulizwa. Codemasters wana dhambi kubwa kidogo, lakini si ya kukosa skrini ya wawili, kwa sababu hawakuwahi kuiahidi. Dhambi yao ni kuuza gemu kama mlango wa misimu ijayo wakati funguo za mlango huo ziko mfukoni mwa wahasibu. Rafiki yangu naye alinunua mashine ya bei ya ng'ombe kwa ajili ya wiki moja ya mwaka, na hakuomba ajaribu padi mbili kabla ya kutoa pesa, yeye ambaye hanunui redio sokoni bila kuiwasha. Mimi nilikuwa nimesoma malalamiko ya mashabiki tangu 2023. Niliyasoma kama kelele za watu wenye miwani ya VR, nikayapita.

Ng'ombe hakufa, hata hivyo. PS5 inalipa mkopo wake kwa gemu ya mpira, taratibu, na picha zake nzuri zimevuta wateja kutoka kibanda cha upande wa pili wa barabara. Diski ya rali iko kwenye rafu, ndani ya kasha lake, haina mkwaruzo. Alijaribu kuiuza, lakini bei aliyotajiwa ilikuwa ya matusi.

Ubao bado uko ukutani. Nusu ya chini imefutwa na kuandikwa bei za mechi. Nusu ya juu hajaifuta, na yule mwendesha boda akipita na abiria hupunguza mwendo kidogo kuangalia kama jina lake lipo. Mara moja moja anaingia mtu anaulizia ile gemu ya Safari. Mwenye kibanda hamwambii bei. Anachungulia mlangoni nyuma ya mteja, kisha anamwuliza, "Uko peke yako?"